Jalala la Soko la Mkwajuni

Lori la taka lilirudi kinyumenyume katikati ya Soko la Mkwajuni, supu ya pweza ndiyo kwanza inachemka, likaligonga benchi la Mwanasha, muuza supu, na kulipindua. Mwanasha alitupa upawa, akalipiga lori kofi la ubavuni.

"We dereva! Macho umeyaacha nyumbani?"

Aliyeshuka hakuwa dereva. Alikuwa msimamizi wa kampuni ya kuzoa taka, kijana wa Mitwero aitwaye Nurdin, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, ananukia udi. Mwanasha, kijora cha zambarau kimekazwa kiunoni, alimtazama kuanzia juu hadi viatuni.

"Na shati hilo unakwenda kuzoa taka, au unakwenda kuoa?"

"Nilikuwa nakwenda kazini. Sasa sijui tena," alijibu Nurdin. Akaliinua benchi, akaketi, akaagiza supu.

Basi yakaanza. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Acha kunipigia, nina unga mikononi."

"Nikiacha utanuna."

"Nitanuna sana," Mwanasha alicheka, na simu ikaendelea.

Lakini mapenzi hayazibi pua. Nyuma tu ya kibanda chake palikuwa na jalala: matumbo ya samaki, maganda ya mihogo, mabibo yaliyooza, na nzi wasiojua adabu. Mtoto wa Salome, muuza nyanya wa jirani, alikuwa amelazwa kwa kuharisha. Bwana afya naye alikuja, akaziba pua kwa leso, akamwonya Mwanasha kwamba nzi wasipopungua atakifunga kibanda. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake kule Kitomanga. Ajabu ya Musa! Asiyezoa taka haguswi, anayepika ndiye afungiwe.

Na lori lilikuwa linakuja kila siku, si kwamba halikuja. Siku moja Mwanasha aliamua kulitazama. Liliingia, vibarua wakatupia makarai mawili ya maganda, likatoka. Likarudi. Likatoka tena. Jalala likabaki palepale limenuna.

Jioni Nurdin alipokuja, hakuandaliwa supu.

"Nurdin, mbona lori lenu linaondoka tupu?"

Nurdin alicheka kidogo. "Kampuni inalipwa kwa tripu, mpenzi. Mkataba haukutaja jalala."

"Mkataba wa kuzoa taka haukutaja jalala?"

"Sikuuandika mimi."

"Lakini unausimamia wewe, na mtoto wa mwenzangu anaumwa! Na mimi ndivyo unavyonipenda? Kuja unakuja, kubeba hubebi kitu. Ondoka!"

Tangu siku hiyo simu za Nurdin ziliita hadi zikachoka.

Kelele za akina mama wa sokoni zilifika halmashauri. Mkataba wa zamani ulipokwisha ukaandikwa mwingine, na safari hii tripu hazikuhesabiwa. Kampuni ingelipwa soko likiwa safi, basi. Kila mstari wa vibanda ungechagua mtu wa kutuma ujumbe wa simu jioni, safi au chafu, na majibu yangebandikwa ubaoni getini kila mtu ayaone. Mstari wa supu ulimchagua Mwanasha, maana mdomo wake waliujua.

Jioni ya kwanza Nurdin alipiga. Mwanasha alipokea haraka kuliko alivyotaka.

"Mwanasha wangu. Nakuomba utume safi, leo tu. Bosi ameapa kunifukuza."

Roho ilimuuma. Alikuwa akingoja neno la pole.

"Kumbe umenikumbuka kwa ajili ya ujumbe?"

"Sivyo, nisikilize..."

"Mtoto wa Salome amelazwa mara mbili kwa uchafu huu, nami niseme safi? Sisemi!"

Akakata. Akatuma chafu, kisha akalia huku akikanda unga wa chapati za kesho.

Asubuhi alikuta kishindo cha makoleo nyuma ya kibanda. Nurdin alikuwa katikati ya jalala, uchafu umemfika magotini, lile shati jeupe halitambuliki. Alichota pamoja na vibarua, na lori halikutikisika mpaka likajaa pomoni. Jua lilipokuwa utosini sakafu ya saruji ikaonekana. Salome alipiga vigelegele. Mwanasha hakupiga. Alimfuata Nurdin, mikono kiunoni.

"Asubuhi moja tu? Tumekula na nzi, watoto wameumwa, kumbe kazi yenyewe ni ya asubuhi moja?"

Nurdin hakujitetea. "Nilijua. Tulilipwa bila kuliondoa, nikanyamaza. Jana nikakuomba uongo. Leo sikuombi kitu."

"Na bosi wako?"

"Nimemwambia ile chafu ya jana ilikuwa haki yetu, na lori halitoki humu bila kujaa. Akitaka kunifukuza, anifukuze."

Mwanasha akamsukumia ndoo ya maji na sabuni. "Oga kwanza. Unanuka."

Jioni alizunguka nyuma ya kibanda, akaitazama sakafu kwa macho yake, ndipo akatuma: safi. Nurdin alikuwa kwenye benchi, bakuli la supu mbele yake, hathubutu kuanza.

"Nilitaka wazee wangu walete posa Kitomanga," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa naona haya."

Mwanasha alimwongezea kipande cha pweza.

"Waje. Ila waambie wasije mikono mitupu, na wewe usije moyo mtupu. Safari tupu kwetu hazilipwi."