Maji Moto kwenye Ua la Mlimani

Saa nne asubuhi mwanangu mchanga Clare alifungua kinywa kulia, machozi yakatoka, sauti haikutoka. Kilio nikakisikia balkoni.

Kilikuwa chake, mimi nakijua, kile kinachokwama katikati kama kimepaliwa. Nikambeba nikatoka. Hakukuwa na mtu, ni nepi zimeanikwa na ule mmea tu, ule aliong'oa mume wangu Tobias kwenye mwamba mlimani alikoenda na lori kupakia mawe, maua yake samawati, majani hayakauki hata maji yakipotea hapa mtaani Umoja wiki nzima. Kilio kilitoka kwenye mkebe wa mmea. Na jua likiwaka hivyo, palinuka mwamba ulionyeshewa mvua sasa hivi.

Nikamwita Khadro, Mama Nuh, jirani wangu. Aliishia jikoni, akanusa.

"Mama Clare, umemwaga nini pale?" alinong'ona.

"Maji tu, ya kuchemshia chupa za mtoto."

"Yakiwa moto?"

"Si ni maji tu, Mama Nuh."

"Na hukusema bismillahi? Hukuwaambia wasogee?"

"Nani? Niombe mmea ruhusa, mimi mtu wa Sabato?"

Hakucheka. "Majini hao hawaulizi kanisa. Sisi tangu utotoni hatumwagi maji moto hivyo. Umemchoma mtoto wa mtu, na mama yake amechukua sauti ya wako. Omba msamaha. Lakini usiahidi kitu. Unanisikia? Kitu chochote."

Nilisikia, kweli nilisikia, lakini nilipopiga magoti mbele ya ule mkebe na kilio cha mwanangu kikitoka udongoni karibu na uso wangu, na yeye mwenyewe kifuani kwangu amepanua kinywa kimya, midomo inaanza kubadilika rangi, na maziwa yamenilowesha blauzi nzima, maneno yalitoka yenyewe, nisamehe mama mwenzangu, sikumwona, nirudishie wangu, na wako nitamlea kama wangu.

Mkebe ukanyamaza. Clare akapiga yowe mpaka nikalia naye.

"Umesema nini pale mwisho?" Khadro akauliza.

Nilikaa kitini nikampa Clare titi la kushoto, akanyonya. Khadro alikuwa amekaa mbele yangu akinitazama kifuani, kisha akainuka polepole, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, kwa sababu titi la kulia, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikuwa linavutwa, na mimi nilihisi midomo midogo, baridi kama jiwe, ikimeza.