Uso wa Kijani

Kisomauso kilisimama pembeni ya uwanja wa netiboli kwa mguu wake mmoja wa chuma, kirefu kama mlingoti wa bendera, kikizungusha kichwa chenye macho kumi na manne. Kila msichana uwanjani alikuwa na jicho lake lililomfuata popote alipokimbia, na juu ya kila jicho palikuwa na taa. Kijani, mtoto mzima, aendelee. Njano, anaanza kuumia, apumzishwe. Nyekundu, atoke, na hakuna refa wala kocha wa kubisha.

Siku kilipoletwa Dodoma watu walipiga makofi. Mji ulikuwa umebadilika mno. Maghorofa yalikuwa yakikamua maji kutoka hewani, roboti zilifagia vumbi mitaani alfajiri, lakini watoto walikuwa bado wanateguka vifundo na kuharibika magoti kama enzi za bibi zao. Wahandisi wakasema ndani ya goti hapasomeki mtu akiwa anakimbia, ila uso unasomeka. Mtu akiumwa, kuna vijimsuli vya karibu na macho vinavyojikunja kabla hajajijua. Kisomauso kinaviona hivyo. Ndiyo ikawa sheria: mwenye taa ya kijani anacheza.

Sasa sikilizeni walimwengu walivyo.

Siwema alikuwa na miaka kumi na mitatu, mfungaji wa timu ya shule. Mama yake, Mwasiti, alikuwa fundi cherehani, na kwa miezi kadhaa alikuwa akijisifia kwa majirani kwamba mwanawe amekua, halii ovyo, hanung'uniki. Asubuhi ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ni fainali, Siwema alikuwa akiipua uji, sufuria likamponyoka na uji ukammwagikia mkononi.

Hakupiga kelele. Alitabasamu.

Hakikuwa kicheko cha furaha. Midomo ilivutika sawasawa pande zote mbili, macho yakabaki wazi, pumzi ikawa inapita puani taratibu. Mwasiti alimburuta hadi bombani, akamwekea mkono kwenye maji.

"Siwema, umeungua."

"Najua, mama."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki. Ndivyo unavyotakiwa ufanye ikiuma."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu Stumai. Unatia kokoto kwenye kiatu, unasimama mbele ya kisomauso unaruka. Taa ikibaki kijani mpaka amalize kuhesabu, umefaulu. Ikigeuka njano unarudia na kokoto mbili."

Mwasiti akafunga bomba. "Na kupasha mwili moto mnafanya saa ngapi?"

"Muda ule ule ndio wa uso, mama. Hautoshi kwa vyote viwili." Kisha akaongeza, kama mtu anayeeleza habari ndogo, "Kokoto nimeshazoea. Goti ndilo lina kazi kulizoea."

Goti. Mwasiti alilipapasa, akalikuta limevimba na lina joto, na mtoto akazidi kutabasamu.

Jamani, dawa ya magoti haikuwa siri. Ilikuwa inajulikana kabla hata ya hizo mashine. Netiboli inakutaka uruke, udake, utue na ugande palepale, na uzito wote unaishia gotini. Kwa hiyo mtoto hukimbia polepole kwanza mpaka mwili upate moto. Hufundishwa kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yasiingiane kama ya ndama. Hupewa siku za kupumzika, kiatu kisichoteleza, na akisema hapa panauma, husikilizwa. Haya yote yanataka mtu mzima mwenye subira tu. Lakini subira haileti kombe, na hapo ndipo Mwalimu Stumai, kocha wao, alipoona njia ya mkato. Kuimarisha goti ni kazi ya miezi. Uso unafundishika kwa wiki mbili.

Jumamosi Mwasiti aliongozana na mwanawe hadi uwanjani. Mwalimu Stumai alikuwa akigawa jezi.

"Mwalimu, shikamoo. Siwema leo hachezi. Goti limevimba."

"Marahaba, mama Siwema. Hebu tuone." Akamshika mtoto mabega, akamsimamisha mbele ya kisomauso. Jicho likageuka. Taa ikawaka kijani kibichi kabisa. "Unaona mwenyewe."

"Sijauliza mashine. Inama umshike goti."

"Mimi siyo daktari, mama. Ndiyo maana tukaletewa hii. Siwema, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu," Siwema akasema, na lile tabasamu likaja.

Nyuma yao mama Kulwa, aliyekuwa ameshajifunga khanga kiunoni tayari kwa kushangilia, akadakia, "We Mwasiti, mwache mtoto acheze. Au unaogopa atapata jina kuliko wewe na cherehani yako?" Wanawake wakacheka.

"Mwanao yuko uwanjani?" Mwasiti akamuuliza.

"Wangu mzito, hajachaguliwa."

"Basi nyamaza."

Lakini Siwema alikuwa amemshika mama yake kiganja, anakifinya. "Mama, unanitia aibu. Nikitoka leo nafasi yangu anapewa mwingine. Nakuomba."

Mwasiti akaenda kukaa. Sheria ilisema mzazi hamtoi mchezaji mwenye taa ya kijani, na mtoto mwenyewe ameomba, na watu wanatazama. Akakaa na hasira yake mapajani kama furushi.

Kipindi cha pili, mpira ukarushwa juu. Siwema akaruka kuliko wote, akaudaka, akatua kwa mguu mmoja na kuganda kama kanuni inavyotaka. Mwili uliganda. Goti likaenda ndani. Ulisikika mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa, hadi kwa waliokaa safu ya tatu.

Alianguka chali, na usoni alikuwa anatabasamu.

Refa hakumtazama mtoto. Alitazama juu. Taa ya Siwema ilikuwa kijani. "Inuka, mchezaji," akasema, na kupuliza filimbi mchezo uendelee.

Mwasiti alikuwa ameshavuka mstari. Mwalimu Stumai akamkimbilia. "Mama Siwema, rudi, tutakatwa pointi. Taa ni ya kijani."

"Taa haina goti," Mwasiti akasema, akampita, akapiga magoti kando ya mwanawe. Hapo ndipo wasichana wengine walipoacha kucheza. Mmoja akaketi chini, akavua kiatu, akamwaga sakafuni kokoto za mazoezi ya asubuhi, ambazo hawakuruhusiwa kuzitoa. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wote nyuso zao zilikuwa zimetulia, na juu yao taa zote zilikuwa kijani.

Hospitali ilisema kano ya ndani ya goti imekatika. Jioni alikuja Mhandisi Chiwanga, mmoja wa waliokiunda kisomauso, kijana mpole, akasimama mlangoni mwa wodi amevua kofia.

"Pole sana, mama. Tunaomba ruhusa yako tuzitumie picha za uso wake. Tutakifundisha kisomauso kulitambua tabasamu hili."

"Na Mwalimu Stumai akiwafundisha lingine?"

"Tutakifundisha na hilo pia."

"Kwa hiyo mtashindana nyie wawili," Mwasiti akasema. "Yeye atabuni, nyie mtafukuza. Na uwanja wenu wa mashindano ni miguu ya watoto wetu. Picha sitoi. Nenda kawaambie waliokutuma waondoe ile sheria, na kocha apimwe kwa watoto wanaomaliza msimu wakiwa wazima, siyo kwa makombe."

Kijana akavaa kofia yake, akaondoka.

Kisha akaingia Daktari Lyimo kulipima goti kabla ya upasuaji. Alibonyeza upande wa nje, akimtazama mgonjwa usoni kama madaktari wote wafanyavyo. Akabonyeza kwa ndani. Siwema akatabasamu.

"Vizuri, hapa hapaumi," daktari akasema, akakaza kidole.

Mwasiti akamdaka mkono. "Daktari, akicheka hivyo ndipo panapouma."

Daktari akawatazama wote wawili, mama na mtoto, asielewe. "Sasa nitajuaje, mama? Mimi nategemea anachonionyesha."

"Siwema, mwambie."

Siwema akavuta pumzi puani taratibu. Midomo yake ilikuwa bado imevutika, na macho yalikuwa yanaitafuta kona ya dari, kama yupo anayemhesabia. Mama yake alimpapasa shavu kwa kidole gumba, polepole, upande mmoja kisha wa pili, mpaka tabasamu likaanza kulegea na kidevu kikatetemeka.

"Hapo," akasema kwa sauti ndogo, ya mtoto anayekiri kwamba ameiba. "Hapo panauma. Msimwambie mwalimu."