Bampa Lisilo na Matundu

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika tano asubuhi.

"Oili imefika. Mwaga kabla ya saa nne."

Bubu aliusoma akiwa chali chini ya Land Cruiser, akaufuta, akairudisha simu ndani ya soksi. Oili maana yake mzigo. Mwaga maana yake zuia. Saa nne maana yake saa nne. Makao Makuu hawakuwa watu wa mafumbo mengi.

Bubu halikuwa jina lake. Kwenye faili aliitwa Tisa. Bubu aliitwa na Mama Gereji, mwenye karakana, siku ya pili ya kazi, kwa kuwa alimwitikia salamu asubuhi na mpaka jioni hakutoa neno jingine. "Huyu hata akiungua atatuma barua," alisema yule mama, na jina likanasa.

Gari lililokuwa juu yake lilikuwa la Bibi Mpatanishi. Kesho adhuhuri bibi huyo angekaa mezani kati ya majenerali wawili wasiopikika chungu kimoja, awatilishe saini ya kuacha vita. Wapo waliokuwa wakiuza risasi pande zote mbili, na kwao amani ilikuwa njaa.

Dereva wa Bibi alikuwa kaka yake Bubu. Tumbo moja, ziwa moja.

Kaka hakujua lolote. Alijua tu kwamba mdogo wake alipotea mwaka mzima, hakuja hata kumzika mama yao, kisha akatokea mlangoni na begi moja akiomba kazi. Alimfokea, akamlisha, akamtafutia nafasi kwenye gereji hii anakoleta gari lake. Mkuu wa Bubu kule Makao Makuu alijua atafanya hivyo. Ndiyo maana alimtuma Tisa na si mwingine.

Siku mama anazikwa, Bubu alikuwa hotelini katika nchi ya watu, amevaa suti, akimvizia mtu. Alisoma taarifa ya msiba, akaifuta kama alivyofuta ujumbe wa leo. Tangu hapo kuna kitu ndani yake kilizimika. Hakulia, hakukasirika. Chakula kilikuwa chakula tu, na baridi ilikuwa baridi. Daktari wa idara alimpima akaandika: anafaa kwa kazi.

Alitoka chini ya gari akitambaa.

Bampa jipya lilikuwa limeshashushwa sakafuni. Chuma kizito cheusi, kulabu mbili za kuvutia, taa mbili za rivasi zimezamishwa ndani yake. Ofisi ya Bibi ililiagiza kwa ajili ya njia mbovu za mpakani. Aliyelileta alikuwa kijana wa watu, mtanashati, ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, mikono laini ya kushika kalamu.

"Nimetumwa nisimamie ufungaji," alisema.

"Simamia," akajibu Mama Gereji. "Kusimama hakuchoshi."

Bubu alichukua bunduki yake ya Bosch, ile ya kufungulia nati. Boliti nne za chasisi zilikuwa na kutu ya miaka. Alizipulizia dawa ya kutu, WD-40, akangoja, akazing'oa moja moja. Akatoa mbili za pembeni. Akachomoa waya wa taa ya namba. Bampa la zamani lilishuka bila ubishi, akalilaza ukutani.

Bampa la chuma la aina hii huinuliwa na watu wawili na matusi mawili. Hili lilitaka watu watatu na jeki. Mama Gereji alishika katikati, akatukana zaidi ya mara mbili. Walipolipandisha juu ya jeki, Bubu aliingia chini yake na tochi.

Akatazama. Akatazama tena.

Hapakuwa na matundu.

Fundi yeyote anayechomelea bampa huacha matundu chini ili maji ya mvua yatoke, la sivyo chuma huoza kwa ndani. Hata fundi mlevi huyaacha. Hili lilizibwa kila upande, mithili ya kopo la maziwa. Waliolitengeneza walijua mambo mengine mengi, ila mabampa hawakuyajua.

"Waya nitaunga mimi," Mtanashati alisema, akapiga goti haraka.

Bubu alizihesabu nyaya kutoka chini. Taa hutaka nyaya mbili. Hapa zilikuwa tatu. Wa tatu ulikuwa mwembamba, wa kijivu, ukachepuka kutoka waya wa rivasi na kupotelea ndani ya chuma. Mkono ulimwendea kwenye kipimo cha umeme, akauzuia. Kipimo chenyewe hupitisha umeme kidogo, na kidogo kingetosha kulipua.

"Halafu tukimaliza," aliendelea Mtanashati, "tusiliwashe. Tulisukume mpaka nje."

Mama Gereji alimgeukia. "Gari hili? Tani mbili na nusu? Baba, asubuhi umekula nini?"

"Rangi haijakauka. Moshi utaiharibu."

Mama Gereji alicheka. Bubu hakucheka. Gari liliingia gerejini kwa pua, na kutoka lazima lirudi nyuma. Kesho mpakani magari yote yangeegeshwa kinyumenyume, pua zikitazama nje, kama walinzi wapendavyo. Kaka angetia rivasi chini ya dirisha la chumba cha mkutano.

Simu ya gerejini ikalia. Mama Gereji akampa Bubu.

"Mdogo wangu, mambo yamebadilika," kaka alisema. "Nakuja na Bibi kwa teksi, tunalichukua na kuondoka moja kwa moja. Nipe dakika kumi na tano. Na ukaze nati, nakujua wewe."

"Sawa, kaka."

Bubu alivaa vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kuzuia kelele. Ndani ya cha kushoto mlikuwa na redio. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji.

"Tisa," alinong'ona.

"Sema," Mkuu alijibu redioni.

"Limo kwenye bampa. Kiwashio ni rivasi. Jamaa ana rimoti mfuko wa kifuani, umbo naliona."

"Kikosi kina dakika ishirini na tano."

"Kaka yangu ana kumi na tano."

"Usimguse. Ukimgusa anabonyeza."

"Akiwa kando ya bampa habonyezi."

"Tisa, subiri kikosi. Ni amri."

Bubu alifunga maji, akavivua vizibo akaviweka rafuni.

Bastola yake, Glock, ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya trei ya soketi. Aliiacha hapohapo. Ukimwonyesha mtu bastola, mkono wake huenda mfukoni, na leo mfukoni ndiko kubaya. Aliingia kwenye kabini kama anayetafuta spana, akafungua kijisanduku cha fyuzi, akachomoa ya rivasi, akaitia mfukoni. Hilo lilifunga mlango mmoja. Rimoti ilikuwa mlango wa pili.

"Mama," aliita, "tumepungukiwa boliti za saizi kumi na saba. Mbili."

"Leo Bubu kahutubia," Mama Gereji alisema, akachukua mkoba wake akaenda duka la vipuri, mtaa wa pili.

Wakabaki wawili.

Bubu alikaza boliti mbili za kulia. Kushoto hakukaza kitu. Bampa lililala juu ya jeki.

"Bosi, matundu ya boliti yamepishana huku. Ninyanyulie kidogo. Mikono miwili."

Mtanashati alisita, akainama, akashika. Alitaka kazi iishe, na mwenye haraka hukubali.

Bubu akaishusha jeki.

Uzito wote wa kushoto ukamwangukia Mtanashati mikononi. Mshipa ukamsimama shingoni.

"Pandisha jeki! Pandisha!"

"Liachie tu, bosi. Ni chuma, halivunjiki."

Hakuliachia.

Mwenye bampa la kawaida angeliachia na kuruka pembeni akiokoa vidole. Huyu alilikumbatia kama mtoto mchanga, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ovaroli mpya. Bubu alimtazama usoni. Alijua naye amesimama hatua moja kutoka kwenye mauti, akaitafuta hofu kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Haikuwepo. Hilo lilimsikitisha kidogo, na baadaye halikumsikitisha.

"Kuna nini ndani?"

"Nitakuambia. Pandisha kwanza."

"Sema kwanza."

"Kilo kumi na mbili. Rivasi ndiyo inawasha. Tafadhali, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako," Bubu alisema. "Ndugu yangu ndiye dereva."

Alipeleka mkono kwenye kile kifua kinachohema, akaitoa rimoti, akafungua mgongo wake, akaondoa betri. Kisha akapandisha jeki mpaka ikabeba uzito wote. Mikono ya Mtanashati ilining'inia, haina nguvu hata ya kukunja ngumi. Bubu aliifunga kwa mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya.

Kikosi kiliingia mapema kuliko kilivyosema, ndani ya lori la kubebea friji. Watu wanne, wawili wenye mavazi mazito. Walikata waya, wakalifungua bampa, wakaondoka nalo pamoja na mwenyewe. Mama Gereji alirudi na boliti mkononi, akakuta nafasi tupu.

"Bampa liko wapi? Na yule mrembo?"

"Saizi siyo. Wamelirudisha."

"Nimetembea juani bure!"

Bubu alikuwa ameshaanza kulirudisha lile la zamani. Alikuwa anakaza boliti ya mwisho teksi, iliyocheleweshwa na foleni, iliposimama. Kaka alishuka na kitambi chake na kofia yake, akazunguka nyuma ya gari, akashika kiuno.

"Hili si ndilo lile lile?"

"Jipya halikukaa, kaka."

"Halikukaa, au wewe ndiye hukukaa nalo?" Kaka akatikisa kichwa. "Mama aliniambia. Huyu mdogo wako, akasema, hamalizi jambo. Kaburi lake lenyewe hujalitia hata kiganja cha mchanga."

Bibi Mpatanishi alipanda nyuma, akasema asante kwa wote. Bubu aliinama dirishani upande wa dereva, akarudisha fyuzi mahali pake. Kaka alidhani anafunga kifuniko.

Kisha Bubu akaenda nyuma ya gari, akasimama palepale fundi anaposimama.

"Rudi. Njoo. Njoo."

Taa za rivasi ziliwaka nyeupe.

Akafumba macho. Gari lilikuja polepole, moshi wa moto ukampiga miguuni. Alisikia kokoto zikisagika. Hapakuwa na kingine.

"Njoo, kaka. Njoo. Tosha." Akapiga bampa la zamani mara mbili kwa kiganja.

Kaka alitoa kichwa nje. "Jumapili nitakuwa nimerudi. Twende kaburini, majani yamemfunika mama."

"Nitakuja."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

Gari likakata kona. Simu ilitetemeka kwenye soksi. *Oili nyingine. Jumapili alfajiri.*

Bubu aliusoma. Huu hakuufuta. Akaandika: *Jumapili nina mazishi.* Akaizima simu, akaifuta grisi, akaiweka ndani ya sanduku la spana, chini ya trei, ubavuni mwa Glock.

Akapangusa macho kwa kiwiko, akatoka getini kwa mwendo wa taratibu.

"Wewe Bubu," Mama Gereji alimwita kwa nyuma, "unalia?"

"Ni moshi, mama," akasema, wala hakugeuka.