Kisanduku Kilichoitwa Waitara

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Wegesa, mama yake, alidhani amepaliwa, akamwinua haraka. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa amegeuza kichwa, mtoto mchanga ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, na alikuwa akikitazama kisanduku cheupe ambacho baba yake alikuwa ametoka kukiwasha juu ya kabati la runinga.

"Umeona?" alisema baba mtu. "Hata mtoto anajua maendeleo."

Huyo alikuwa Nelson Waitara wa Mugumu, karani wa mapokezi katika kambi moja ya watalii upande wa Natta. Inafaa majina yake yatajwe sawasawa, kwa kuwa balaa hili lilianzia kwenye jina. Nelson ni jina lake la ubatizo. Waitara lilikuwa la baba yake, mfuga ng'ombe wa Kisaka, marehemu. Mzee Waitara alikuwa mtu wa dharau. Alikuwa na msonyo mrefu, mkavu, ambao haukuisha mpaka anayesonywa ainamishe kichwa. Alimsonya mwanawe alipokataa kuchunga, akamsonya alipoajiriwa kuwabebea wageni mabegi, na alimsonya daktari aliyekuja kumtazama akifa. Nelson alirithi dharau yote, ila hakurithi ng'ombe hata mmoja.

Mama yake, Robi, alikuwa amekuja Mugumu kumuuguza mkwewe aliyejifungua. Kwake hapakuwa na mjadala: mtoto aitwe Waitara. Jina la mzee hurudi kwa mjukuu, na mtoto asiyekoma kulia hutajiwa majina ya wazee wake mpaka lipatikane linalomtuliza. Nelson alitaka Brighton, ambalo ni jina la mji wa pwani huko Uingereza wala si la mtu.

"Mura, mwanangu, huyu analilia jina," Robi alisema.

"Analia tumbo, mama."

"Baba yako anatafuta pa kukaa."

Nelson alicheka. Alikuwa na simu mkononi, akikiandaa kisanduku chake cha waifai, na alikuwa amefika pale panapotakiwa jina la mtandao, lile ambalo kila simu iliyo karibu huliona. "Mnataka Waitara awemo humu ndani? Haya." Akaandika WAITARA. "Huyo hapo juu ya kabati. Hali ugali, na hasonyi mtu."

Ndipo kilipowaka, na ndipo mtoto aliponyamaza. Robi alijifunika kichwa kwa khanga, akatoka nje.

Kisanduku cha namna hiyo kina maneno ya siri mawili: moja la wanaotumia mtandao, jingine la anayekitawala na kubadili mipangilio yake. Karatasi ya maelekezo ilisema wazi kwamba la pili, ambalo kiwandani huwa sawa kwa visanduku vyote, libadilishwe siku hiyo hiyo. Nelson aliitupa karatasi pamoja na nailoni. "Mugumu hii nani wa kuniingilia?" alimwambia mkewe. "Majirani wenyewe simu za tochi!"

Tangu siku hiyo mtoto hakulia tena. Na hakunyonya.

Wegesa alimpa ziwa, mtoto akaligeuzia kisogo, akakitazama kisanduku. Akimtoa nje anahema kwa shida. Akimrudisha sebuleni anatulia, macho wazi, mashavu yakizidi kubonyea. Walimpeleka kwa daktari, akapimwa damu, hakukutwa na kitu. Walimkamulia maziwa kwa kijiko, akayaacha yatiririke shingoni.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ugoro na ya ngozi ya ng'ombe iliyonyeshewa, na ilitoka upande wa runinga, mahali ambapo hapakuwa na ugoro wala ngozi. Nelson alisema ni panya aliyekufa, akaburuta kabati, hakuona panya.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, jua kali, redio ya jirani ikiimba kwaya, alipoamua kutazama kwenye simu yake ni vyombo vingapi vinatumia mtandao. Aliiona simu yake, ya mkewe na runinga. Chini yake palikuwa na cha nne, kisicho na jina.

"Wezi," alisema. "Fukara wakubwa."

Akabadilisha neno la siri la watumiaji, akaweka refu, lenye herufi kubwa na ndogo na tarakimu. Mtandao ukakatika kwa wote. Alikuwa ameliandika neno jipya kwenye simu yake mwenyewe tu, pale runinga, ambayo ilikuwa imezimwa, iliposonya.

Haikuwa sauti ya umeme. Nelson aliifahamu, kwa sababu shingo yake iliinama yenyewe, kama ilivyokuwa ikiinama zizini alipokuwa mdogo, na alipoiinua na kukitazama kioo cha simu alikuta kile cha nne kimekwisha kuingia tena bila kupewa neno, na alipojaribu kukifungia nje aliambiwa kwamba neno lake la mtawala, lile la kiwandani, si sahihi, akaliandika tena taratibu, akaambiwa si sahihi, na huku harufu ya ugoro ikimjia puani kama pumzi ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti akisoma juu ya bega lake, na mtoto, mapajani kwa mama yake, akikikunjia uso kisanduku kwa uso wa mtu mzima aliyechoshwa na wajinga.

"Nelson," Wegesa alinong'ona. "Mtoto anakufa. Nenda kaite mtu."

Aliyeitwa ni Bi Mwajuma, mganga wa majini aliyeishi nyuma ya msikiti. Aliingia na chetezo chake, akasimama mlangoni akingoja. Nelson hakumwamkia.

"Kambini hawafundishi shikamoo?" aliuliza Mwajuma.

"Shikamoo."

"Marahaba, imefika imechoka."

Alifukiza ubani. Moshi haukupanda, ulikwenda moja kwa moja kwenye kabati, ukakizunguka kisanduku. Mwajuma aliutazama kwa muda mrefu, akaweka chetezo chini.

"Hili si jini," alisema kwa sauti ndogo. "Majini nayajua. Yataomba marashi, yataomba kuku, yana tamaa kama watu wa serikali. Huyu haombi kitu. Huyu yuko kwake. Nani aliitwa jina humu ndani?"

Wegesa alionyesha kisanduku kwa kidevu.

"Nacho kinaita mara ngapi?"

Nelson alijibu: "Muda wote. Ndivyo kilivyo. Kinatangaza jina ili simu zilione, hakipumziki."

"Kwa hiyo umemwita marehemu baba yako bila kupumzika, kwa mzaha, na amekuja akakuta umemjengea mwili wa plastiki." Mwajuma alimgeukia, akamtazama kama mtu anayetazama kilichokwama kwenye kiatu. "Sasa anaingia kwa mtoto kwa nguvu, na mtoto anabanwa. Mama, wewe mkaribishe mumeo kwa mjukuu, kwa adabu. Wewe kijana, futa jina. Na ukishalifuta usikipe jina la mtu tena. Kiachie tarakimu za kiwandani. Tundu hilo limeshazoea kukaliwa."

Robi alimchukua mtoto, akatema mate kidogo kifuani pake, akamwita kwa Kikurya, taratibu, jina la mzee na la baba wa mzee. Nelson alichukua sindano, akaichomeka kwenye kitundu cha nyuma kinachofuta mipangilio yote, akaishikilia mpaka taa zote za kisanduku zikazimika. Msonyo ulipita chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, mrefu, ukaisha. Mtoto akalia kwa sauti kubwa ya njaa, akalidaka ziwa.

Wegesa alilia. Mwajuma alikusanya vitu vyake. Nelson peke yake alibaki amesimama na simu, na kadiri hofu ilivyomtoka, ndivyo alivyoona aibu, na aibu yake haikuwahi kukaa muda mrefu bila kugeuka kuwa kitu kingine. Kibibi cha nyuma ya msikiti kilikuwa kimempa amri nyumbani kwake. Mwanawe alikuwa amekwisha kuitwa Waitara bila yeye kuulizwa. Kisanduku kikawaka upya, kikaomba jina.

Akaandika NELSON.

Asubuhi alipanda pikipiki kwenda kazini. Alipofika kwenye kalavati, pale ambapo simu yake huacha mtandao wa nyumbani, kifua kilifunga kama kimekanyagwa, akaanguka na pikipiki. Alitambaa kurudi nyuma hatua chache, pumzi ikamrudia. Alijaribu tena kwa miguu, kisha kwa kupitia shambani, na kila upande alikuta ukuta ule ule usioonekana, mahali ambapo simu huanza kuutafuta mtandao na kuukosa. Alirudi mbio, akachomeka sindano. Kisanduku kilizimika, naye akaanguka sakafuni hana pumzi. Kilipojiwasha chenyewe alifumbua macho, na jina lilikuwa lile lile.

Mwajuma aliitwa tena. Safari hii hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama," Nelson alisema. "Shikamoo sana."

"Yule alikuwa maiti," alijibu Mwajuma, "alikuwa na pa kurudi. Wewe uko hai. Nikikutoa humo nikupeleke wapi?" Akaenda zake.

Alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Ikorongo, meusi, yakija mjini, na upepo ukaanza kuzipiga nyaya za umeme kwenye nguzo. Nelson alikuwa ameketi chini, amekikumbatia kisanduku kwa mikono miwili.

"Mama," alisema polepole, "nakuomba uende dukani kwa Shamsudin. Ulizia betri. Kubwa. Nenda sasa hivi, mama, kabla ya mvua."

Robi alikuwa akimpakata Waitara, aliyeshiba, aliyelala mdomo wazi. Alimtazama mwanawe, akatazama dirisha.

"Ngoja nimlaze mzee kwanza," alisema.

Radi ilipiga mbali. Taa za kisanduku zilififia, Nelson akafumba macho, zikarudi. Kisha zikafifia tena.