Vidole vya Ngazi na Maji ya Mtoto

Asubuhi ya baridi, Ngazi aliamka mapema. Alichemsha maji, akayamimina kwenye ndoo yenye kifuniko. Kazi yake ilikuwa kusafisha madirisha ya maduka. Watu wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu kila walipomwona alikuwa na ngazi begani.

"Leo utavaa glavu?" mke wake aliuliza. Alikuwa amempakata binti yao mchanga.

"Glavu za nini? Kioo kinataka mkono mtupu. Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuvaa glavu maisha yake yote."

"Na mikono yake ilikuwaje?"

Ngazi alijifanya hakusikia. Alichukua ndoo, akatoka.

Kila fundi ana mazoea yake, na mazoea yana taabu. Ngazi alikisugua kioo kwa sponji, kisha akayavuta maji kwa mpira wenye mpini. Mwisho alipitisha kidole kwenye kona za kioo, atambue kama kuna uchafu uliobaki. Alisema macho hudanganywa na mwanga, lakini kidole hakidanganywi. Aliamini hivyo kabisa.

Upepo ulivuma. Alipoinua mkono kusugua juu, maji yalishuka hadi kwapani. Vidole vilipokakamaa, aliitumbukiza mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji ya moto. Aah, raha. Lakini raha ile haikufika hata dirisha la pili. Alitoa mikono ikiwa imelowa, upepo ukaipiga, ikawa baridi kuliko mwanzo. Naye akairudisha ndoani. Alifanya hivyo mpaka jioni.

Jioni ilikuwa zamu yake ya kumwogesha mtoto, na zamu hiyo hakumwachia mtu. Kutwa nzima aliosha vioo vya watu. Jioni aliosha kilicho chake.

Mke wake alimimina maji ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi kidogo.

"Hebu yapime," alisema.

Ngazi alitia vidole. "Yako sawa."

Akamwinua mtoto. Mke wake, kwa mazoea tu, akatia kiwiko chake kwenye maji. Alikitoa haraka, akamshika mumewe mkono.

"Usimtie! Maji ni ya moto."

Ngazi alitia vidole tena, akavikaza humo. Hakuhisi kitu. Alitazama kiwiko cha mke wake, kimekuwa chekundu.

"Mlete huku," mke wake alisema taratibu. "Hutamwogesha mpaka mikono yako ipone. Sikuadhibu, baba. Naogopa."

Ngazi alimpa mtoto, akakaa kwenye kigoda. Hakula usiku ule. Aliogopa kuliko mke wake.

Kesho yake jirani yao alikuja kuwajulia hali. Huyu aliitwa Mama Barafu. Aliuza samaki sokoni, na mikono yake ilishinda ndani ya barafu. Mke wa Ngazi alimweleza yaliyotokea. Mama Barafu aliishika mikono ya Ngazi, akaigeuza.

"Shemeji, umekaa karibu na jiko na vidole bado vya baridi hivi? Kwanza nenda zahanati wakuangalie. Ganzi isiyoondoka si ya kuchezea. Vidole vikigeuka vyeupe na vigumu, usingoje hata kesho."

"Nitakwenda. Lakini wewe unashika barafu kila siku. Mbona mikono yako ina joto?"

"Kwa sababu siishiki kwa mkono mtupu. Hata mimi nilikuwa mkaidi. Nilisema samaki atateleza nikivaa glavu. Muuguzi akanikalisha chini akanieleza." Alivuta kiti. "Baridi ikikuingia, mwili unalinda moyo kwanza. Damu inabaki kifuani, vidole vinaachwa vijitegemee. Kwa hiyo ukitaka mikono ya joto, anza na kifua na kichwa. Unavaa kofia?"

"Sivai."

"Unakunywa kitu cha moto kabla ya kutoka?"

"Ninachelewa."

"Haya. Tumeanza kumjua mwizi wa joto lako," Mama Barafu alisema, na mke wa Ngazi akacheka.

Aliendelea kueleza. Ndani avae glavu nyembamba za sufu, na juu yake glavu za mpira. Mdomo wa glavu ya mpira aukunje kwa nje. Akiinua mkono, maji yataishia kwenye mkunjo, hayatashuka kwapani. "La sivyo, shemeji, hatujui kama unaosha vioo au unaoshwa." Glavu nyingine kavu aziweke mfuko wa ndani wa koti. Zile za kwanza zikilowa, abadilishe papo hapo.

"Na ndoo yangu ya moto?"

"Maji yawe vuguvugu, na yawe ya kioo tu. Vidole vikifa ganzi, vikaushe, uviweke kwapani vipate joto polepole. Usivitie maji ya moto wala usivipeleke motoni. Mkono wenye ganzi unaungua bila kukuambia."

Ngazi alifikiri. "Lakini nikivaa glavu nitajuaje kioo kimetakata?"

"Kidole chako kimesema maji ya moto ni sawa," Mama Barafu alisema. "Bado unakiuliza habari za vioo?"

Ngazi alivaa viatu, akaenda zahanati.

Zahanati walimkagua. Walimwambia vidole havijaharibika, ila apumzike siku chache mbali na baridi na avitunze. Akanunua glavu. Lakini akachagua za mpira zinazobana, asije akaangusha sponji. Siku ya kwanza tu ya kurudi kazini, vidole vilikufa ganzi tena. Alirudi kwa Mama Barafu amekunja uso.

"Glavu zako hizi ni uongo mtupu."

Mama Barafu alijaribu kuzivua kwenye mikono ya Ngazi, zikagoma. "Umevifunga vidole kama mzigo. Damu itapita wapi? Nunua kubwa zaidi, vidole vicheze ndani."

Alinunua kubwa zaidi. Kona za kioo akawa anazipitishia kitambaa kikavu. Kikiteleza, pamekauka na pamesafika. Kikikwama, anarudia. Kabla ya kutoka alikunywa uji wa moto, na kofia aliivuta mpaka masikioni. Ganzi ilipungua, kisha ikaisha.

Jioni moja aliandaa beseni mwenyewe. Alitanguliza maji ya baridi, kisha akaongeza ya moto kidogo kidogo. Alitia vidole, akavitoa upesi.

"Bado ni ya moto," alisema. Akaongeza ya baridi, akapima kwa kiwiko.

Mke wake naye alipima, kwa sababu mtoto mchanga hapimiwi maji na mtu mmoja. Kisha alimweka binti yao mikononi mwa baba yake.

Ngazi alimshusha majini. Mtoto alipiga teke, maji yakamrukia baba usoni. Chini ya vidole vyake alihisi mgongo mdogo wenye joto, na moyo wa mtoto ukidunda mbio mbio.

"Vipi?" mke wake aliuliza.

"Namsikia," alisema.