Nani Alikula Firigisi ya Baba?

Navalayo alikuwa na miaka kumi na maswali elfu moja. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaanza kuchunguza watu. Nani amemwaga maziwa? Mbwa ametoa wapi tope? Mama yake, Teresa, alichoka kujibu. Baba yake, Patroba, alisema, "Huyu serikali imwandike polisi, sisi tupumzike."

Pamoja na Kukhu, yaani bibi yake mzaa baba, walikuwa wamehamia Chekalini mwaka mmoja baada ya uhuru, kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Jirani yao, Jepkemboi, alikuwa mjane Mnandi mwenye maksai wanne. Patroba hakuwa na hata mmoja. Mvua ya kupanda mahindi ilikaribia, na Jepkemboi aliahidi kuwalimia Jumatatu.

Jumamosi Teresa alisiriba sakafu ya jikoni kwa udongo na samadi, kisha akapika kuku. Jepkemboi alileta maziwa, akasimama mlangoni wakapiga domo. Baadaye Teresa akaenda kuchuma mboga, akamwacha Jepkemboi uani akinywa chai.

Mchana Patroba akakoroga mchuzi. Akakoroga tena.

"Mama Navalayo, firigisi iko wapi?"

Siku hizo, katika nyumba nyingi za Waluhya, firigisi, yaani imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba. Mwanamke aliipika, hakuionja.

Navalayo akaruka. "Mimi najua! Mama na Kukhu hawawezi kula imondo. Mama Jepkemboi si wa kwetu. Ni yeye!"

Jepkemboi akaweka kikombe cha chai chini. "Leo nimekuwa mwizi wa nyama?" Akachukua kibuyu chake. "Haya. Tafuteni maksai wengine."

Akaenda zake.

Saa tisa alifika Mwalimu Sellah. Yeye alifundisha akina mama kusoma, na siku hiyo walisomea kwa Teresa. Alimkuta Teresa analia, na Navalayo amejificha nyuma ya ghala.

"Baba anataka kunichapa," Navalayo alisema.

"Kiboko hakitaleta maksai. Niambie, ulimwona Mama Jepkemboi akila?"

"Hapana."

"Akifunua chungu?"

"Hapana. Lakini nilijua."

"Hukujua. Ulidhani. Mpelelezi hachanganyi hayo mawili. Leta daftari. Upande huu andika 'Nimeona'. Upande ule andika 'Nadhani'. Tucheze upelelezi, lakini una sheria: hutaji jina la mtu kwa kudhani."

Waliingia jikoni polepole. Karibu na meko sakafu haikuwa imekauka. Mwalimu akampa Navalayo bua la mtama.

"Pima nyayo."

Alama za viatu vya Jepkemboi ziliishia mlangoni. Hazikufika mekoni. Navalayo akaandika. Mekoni kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, fupi kuliko za Teresa. Kando yake kulikuwa na vishimo vya duara.

"Ni mchi!"

"Umeona au unadhani?"

Navalayo akaleta mchi, akaupima kwenye kishimo. Mnene mno. Akaleta mpini wa jembe. Mnene pia. Akasimama akifikiri, macho yakaenda nje. Kukhu Nabwire alikuwa anaota jua, mkongojo magotini.

Navalayo akafungua mdomo. Mwalimu akamshika bega. "Usimshtaki. Muulize kwa heshima."

Navalayo akapiga magoti. "Kukhu, samahani. Uliingia jikoni mama akichuma mboga?"

Kukhu akatazama juu, akatazama chini. "Niliingia."

"Kufanya nini, Kukhu?"

"Mjukuu wangu, nimepika hiyo imondo miaka hamsini. Nimempikia baba mkwe, nimempikia mume, sasa anakula mtoto wangu. Nilitaka kujua wanatufichanga nini."

Patroba alikuwa bado na kiboko mkononi. Lakini nani humchapa mama yake? Akakiweka chini.

"Na mbona ulinyamaza jirani akitukanwa?" Teresa akauliza.

"Nilikuwa bado natafuna." Kisha Kukhu akainamisha kichwa. "Hapo nilikosa."

Jua halijatua, Kukhu na Navalayo walikuwa nyumbani kwa Jepkemboi. Navalayo hakunong'ona. "Mama, nilikushtaki bila kuona. Nilikushtaki kwa sababu wewe si wa kwetu. Nisamehe."

Jepkemboi akawapa vigoda wakae. "Kule ulinitaja kwa sauti, na hapa umesema kwa sauti. Basi, yameisha."

Tangu wiki hiyo, kila Jumamosi watoto wa Chekalini walicheza upelelezi. Mmoja alificha gunzi la mahindi. Wengine walinyunyiza majivu njiani, wakapima nyayo kwa bua, wakaandika walichoona. Nawe mama unayesoma, mtoto wako akipenda kuchunguza, usimfukuze. Majivu unayo, bua unalo. Mfundishe tu kuona kwanza, na kuuliza vizuri.

Na shamba? Jumatatu ile Jepkemboi alikuja na maksai wake mapema. Walipopumzika, Teresa alihakikisha Patroba yuko mbali, akamwinamia Kukhu.

"Mama, hiyo kitu ikoje?"

"Ngumu! Nimetafuna mpaka taya likaniuma. Kumbe miaka yote naonea wivu ngozi." Akamgeukia Jepkemboi. "Nyinyi kwenu nani huila?"

Jepkemboi akacheka mpaka akashika jembe la maksai asianguke.

"Kwangu, Kukhu? Kwangu hiyo ni ya paka."