Nani Alilitafuna Kombe la Shaba?

Kombe lilikutwa saa moja kasoro robo asubuhi, limesimama ndani ya beseni la plastiki juu ya meza ya tatu ya maabara, likiwa nusu. Nusu ya juu ilikuwa nzima, na mishikio yake miwili na majina ya shule zote zilizowahi kulishinda. Nusu ya chini, ile iliyozama katika maji ya buluu, ilikuwa imetobokatoboka kama chujio la chai.

Bi Protoni aliliinua kwa vidole viwili. Kitako kilibaki kwenye beseni.

"Ah, jamani!" alisema, ingawa hapakuwa na jamani yeyote wa kumsikia.

Alikuwa mwalimu wa kemia. Jina la Bi Protoni alipewa na wanafunzi kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, mgumu kusogezwa, na chanya siku zote. Hilo la tatu lilikuwa uongo mtupu.

Kombe lenyewe halikuwa la shule. Lilikuwa la kuzunguka: ukishinda mashindano ya sayansi unakaa nalo mwaka mmoja, kisha unalirudisha lishindaniwe upya. Siku ya kulirudisha ilikuwa hiyo hiyo, saa sita mchana, mbele ya wageni wa shule sita.

Aliuma meno, akaanza kutazama kabla ya kugusa kingine. Maji ya buluu yalikuwa ya mrututu, ambao vitabu huuita salfeti ya shaba. Mkabala na kombe, ndani ya maji hayo hayo, kilining'inia kipande cha bati la shaba. Jana kilikuwa chembamba na laini. Leo kimevimba vinundu vyekundu kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Kibanio chekundu kilikuwa kimeling'ata bati, cheusi kimeng'ata mshikio wa kombe. Nyaya zote mbili zilikwenda kwenye chaja ya betri ya gari, ambayo ilikuwa bado ikinguruma.

Aliizima ukutani. Chaja ile! Fundi aliyeitengeneza mwaka jana aliunga nyaya kinyume, nyekundu ikawa hasi na nyeusi ikawa chanya. Bi Protoni alikwisha kuomba nyingine mpaka ulimi ukaota sugu, na kila mara Mkuu wa shule alimjibu, "Tutaangalia." Wanafunzi wa klabu ya sayansi waliuzoea ulemavu wake kama mtu anavyouzoea mlango unaokwama. Watu wengine hawakuhitaji kuambiwa, kwa sababu katika maabara hiyo hakuingia mtu asiye wa klabu.

Jambo la mwisho aliloliona lilikuwa mkwaruzo. Ulianzia chini ya mdomo wa kombe, ukateremka hadi ukapotelea kwenye matundu. Pembeni mwake palisuguliwa kwa msasa mpaka pakang'aa. Ijumaa, alipolipangusa vumbi mwenyewe, mkwaruzo huo haukuwepo.

Mkuu wa shule aliingia akiwa na tai ya sherehe tayari shingoni. Alilitazama kombe, kisha akamtazama Bi Protoni kana kwamba ndiye aliyelila.

"Nani alikuwa na ufunguo jana?"

"Chiriku alibaki kuosha chupa, lakini aliurudisha kwenye msumari chumba cha walimu, ambako mwalimu yeyote..."

"Basi."

"Basi nini, Mkuu?"

"Kesi imekwisha. Mama yake aitwe aje amchukue. Wageni wakifika niwe na la kuwaambia."

"La kuwaambia, au mtu wa kuwatupia?"

"Bi Protoni, usinitie presha asubuhi asubuhi. Mtoto amemwaga tindikali kwenye kombe la watu!"

"Tindikali ipi? Ya kwetu imezimuliwa kwa maji. Ukiloweka shaba humo wiki nzima, utaitoa ikiwa safi kuliko ulivyoiweka. Na tindikali ingekula kombe, ikaacha bati livimbe?"

"Ni umeme, Mkuu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mwalimu Chaki, wa fizikia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, kama mtu anayeogopa kualikwa ndani. Hakuna shuleni aliyejaza ubao kwa mwandiko mzuri kama wake. Saketi zake zilichorwa kwa rula na wanafunzi walizinakili kama maandiko. Kwa maabara, alikuwa na msemo wake: anayeelewa nadharia hahitaji kulowa mikono.

"Mtoto amechezea umeme," aliendelea. "Hawa nimewaambia mara ngapi? Umeme si mwanasesere."

"Umesikia?" alisema Mkuu, akitoa simu.

"Nimesikia. Nipe mpaka saa tano."

"Saa tano kamili. Zaidi ya hapo, binti huyo ameondoka."

Chiriku alikuwa wa kidato cha pili, na jina alilipata kwa mdomo wake. Asubuhi hiyo mdomo ulikuwa umekauka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Jana ulitoka humu saa ngapi?"

"Kengele ya chakula cha jioni ilipolia. Nilifunga, nikatundika ufunguo. Kombe lilikuwa halipo humu, Mwalimu! Lilikuwa ofisini kwa Mkuu, mimi ofisini kwa Mkuu naingiaje? Kwa ungo?"

"Usinipandishie sauti."

"Sipandishi, imepanda yenyewe." Alisogeza kiti karibu na meza. "Mwalimu, wakinifukuza leo, mtihani nafanyia wapi? Mama alinibembelezea nafasi shule tatu, hii ndiyo iliyonikubali. Na nyinyi mnajua nimechovya nini na nini kwenye klabu. Funguo, vijiko, hata hereni ya dada yangu. Ningelichovya mimi, lingetoka jipya!"

Sentensi hiyo ya mwisho ilimkaa Bi Protoni kichwani kama mwiba wa samaki kooni.

"Nenda ukamsubiri mama yako getini. Na usiongee na mtu."

"Nisiongee kabisa?"

"Chiriku!"

Kutoka hapo alikwenda stoo. Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Bwana Stoo, alikuwa akihesabu mafagio. Alipomwona tu aliificha mikono nyuma.

"Ilete hapa."

"Nini?"

"Mikono. Unadhani nimekuja kununua fagio?"

Ilikuja pole pole. Ncha za vidole zilikuwa za buluu.

"Mwalimu, nisikilize..."

"Ninakusikiliza. Umeingia maabara lini?"

"Juzi. Nilichota kidogo tu. Nyanya zangu zimeingia ukungu wa majani, na mrututu dukani umepanda bei. Nikasema, si tuko familia moja?"

"Kumbe! Kila muhula nawagombeza watoto wa watu kwamba mrututu unakwisha, kumbe unakwenda kwenye nyanya zako?"

"Nitakuletea tenga moja."

"Sitaki tenga! Jibu hili. Ukitaka kuchovya kitu shaba, unakiunga upande gani wa umeme?"

Bwana Stoo alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa upande gani wa maji ulio na maji.

"Si unakichovya tu? Umeme wa nini tena?"

Bi Protoni alifumba macho akashusha pumzi. Mwizi wa mrututu, naam. Lakini mtu aliyetundika bati na kombe kwa nafasi sawa, yasigusane, hakuwa huyu.

Alirudi maabara akavuta stuli. Basi ni nani? Si mharibifu. Mharibifu angelipiga nyundo akaenda kulala. Huyu alisugua mkwaruzo kwa msasa kwanza, na shaba haishiki vizuri juu ya uchafu. Alichagua maji yanayofaa na bati linalofaa. Alitaka kuujaza mkwaruzo kwa shaba mpya, kombe lirudi kama lilivyokuwa. Alijua kila kitu isipokuwa kimoja.

Alisimama ghafla mpaka stuli ikaanguka.

Saa nne na nusu alikwenda ofisini kwa Mkuu na swali moja.

"Mwisho wa wiki kombe lilikuwa wapi?"

"Kabatini kwangu, wapi kwingine?"

"Siku zote?"

Mkuu alirekebisha tai. "Jumamosi nililiazimisha. Kwa muda mfupi, na kwa mtu mzima. Alitaka kupiga nalo picha na familia yake, kwa sababu ndiye aliyewaandaa washindi. Jana alasiri akaniambia anakwenda kuling'arisha kwa ajili ya leo. Hilo nalo ni kosa?"

"Na hayo yote unayakumbuka sasa?"

"Hukuniuliza."

"Na mtoto wa watu umeshamhukumu! Haya. Njoo maabara, na uje na huyo mtu mzima wako. Usimwambie kitu, mwambie tu tunahitaji mtaalamu."

Walikusanyika saa tano kasoro robo. Mama yake Chiriku alikuwa amefika na kukaa nyuma kabisa, mkoba mapajani. Chiriku alisimama karibu na dirisha. Mwalimu Chaki, safari hii, aliingiza miguu yote miwili.

"Mwalimu," alisema Bi Protoni kwa upole uliomgharimu, "Mkuu anataka kuelewa uchovyaji wa shaba unavyokwenda. Wewe ndiye mtu wa umeme. Hii ni penseli, nimeichonga pande zote mbili. Ile nyeusi ya katikati ni kaboni, inapitisha umeme. Hili ni bati la shaba, huu ni mrututu, ile ni chaja. Ichovye shaba penseli hii."

Mwalimu Chaki alitabasamu. Alikunja mikono ya shati. "Ni jambo dogo sana, Mkuu. Kinachochovywa kinakaa upande wa hasi. Hasi ni nyeusi." Alibana kibanio cheusi kwenye penseli. "Bati linakaa chanya. Chanya ni nyekundu." Akabana. "Washa."

Waliwasha. Penseli ilianza kutoa mapovu madogo, na iliendelea kutoa mapovu. Dakika zilipita. Alipoitoa, ilikuwa nyeusi kama ilivyoingia.

"Umeme wa shule hii ni mbovu," alisema Mwalimu Chaki.

"Umeme ni mzima. Chiriku, chukua penseli nyingine."

Chiriku alikuja mezani. Bila hata kutazama rangi, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lake, alibana kibanio chekundu kwenye penseli na cheusi kwenye bati.

"Amegeuza!" alicheka Mwalimu Chaki. "Unaona, Mkuu? Ndivyo alivyo..."

Hakumaliza. Ncha ya penseli ilikuwa ikiiva wekundu mbele ya macho yao, shaba mpya, laini, inayong'aa.

"Chaja hii imeungwa kinyume," alisema Bi Protoni. "Nyekundu ni hasi. Kila mtoto wa klabu anajua, na Mkuu anajua kwa sababu amechoka kuniambia 'tutaangalia'. Sasa sikilizeni. Atomu ya shaba ina elektroni zinazozunguka kiini chake. Ukiiunga upande wa chanya, inanyang'anywa mbili. Ikishanyang'anywa si atomu tena, ni ioni, na inawaacha wenzake kuingia majini. Ikifika upande wa hasi inakuta elektroni mbili nyingine, inazichukua, inakuwa shaba tena na kuganda pale pale. Usiku kucha kombe liliungwa kwenye kibanio cheusi, yaani chanya. Kombe likahamia kwenye bati, atomu kwa atomu."

"Kwa hiyo?" aliuliza Mkuu.

"Kwa hiyo mtu asiyejua kitu asingepanga vyombo vile. Mtu wa klabu asingekosea kibanio. Aliyebaki ni yule anayeijua nadharia yote, ambaye kabla ya jana hakuwahi kukanyaga maabara hii. Na hapa kaunga tena vile vile, mbele yetu."

Mwalimu Chaki alitazama mikono yake, iliyolowa.

"Jumamosi mwanangu alilidondosha kombe kwenye ngazi," alisema. "Lilikwaruzika. Nikasema nitaliziba, hakuna atakayejua. Ilikuwa sahihi! Kila hatua ilikuwa sahihi! Nilipokuja alfajiri nikaliona..."

"Ukaondoka ukaliacha linaendelea kuliwa?"

"Sikujua nini kimeharibika. Ningezima nini, wakati sijui nilichowasha?" Sauti ilishuka. "Wanataka kuniteua mkuu wa idara ya sayansi. Mtu wa idara nzima, ameshindwa na penseli."

"Na mtoto je?"

"Nilidhani ataonywa tu."

Mkuu alikohoa. "Sasa, ndugu zangu, wageni wako njiani. Mimi naona tuseme kulitokea hitilafu ya umeme. Binti amesamehewa..."

"Amesamehewa nini?" Bi Protoni alipiga meza, mrututu ukaruka. "Amekosa nini cha kusamehewa? Mkuu, leo usinitafute, utanipata!"

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma. Alikuwa amesimama, mkoba kwapani, lakini hakuwa akizungumza na Mkuu wala na Bi Protoni. "Wewe wa fizikia."

"Mama, samahani sana," alisema Mwalimu Chaki. "Kweli, nisamehe."

"Asubuhi nilipigiwa simu kwamba mwanangu ni mharibifu. Nilikuja mbio. Nilimkuta getini, akafungua mdomo kunieleza. Huyu, ambaye hata usingizini anaongea. Sikumsikiliza. Nilimzaba kofi mbele ya wenzake." Alimtazama Chiriku. "Mimi nitamwomba radhi mwanangu, hilo ni langu. Lakini kofi lile lilikuwa lako. Twende getini ukaseme ni la nani, mbele ya wale wale waliolisikia."

Mkuu alichungulia dirishani, jasho likimtoka. "Mama, tafadhali. Magari ya wageni ndiyo yanaingia getini sasa hivi."

"Basi yatasubiri," alisema Bi Protoni, akaufungua mlango.